Asiyechaguliwa Huenda Wapi

Katika Out of the Park Baseball mtu anaweza kuzaliwa akiwa tayari na miaka 18. Hana mama. Hana shule aliyosoma, hajawahi kushindwa mechi akalia njiani akirudi nyumbani. Siku moja kompyuta inaamua kwamba ligi kuu inahitaji wachezaji wapya, na papo hapo wanatokea mamia, kila mmoja na jina lake, urefu wake, mkono anaotumia, na nyota za kuonyesha anaweza kufika wapi. Siku ya drafti wanagawanywa kwa klabu. Wale ambao hakuna aliyewataka wanapotea, na hakuna anayewauliza. Hivyo ndivyo mchezo unavyokwenda ukiuacha jinsi ulivyokuja.

Kuna njia ya pili, ya watu wasio na haraka. Unaunda ligi za shule za sekondari, unaunda ligi za vyuo, halafu unaziunganisha na ligi kuu iliyo juu yao. Hizi ndizo ligi za kulisha. Mtoto anaingia akiwa na miaka 14 au 15, anacheza, anakua, anaumia, anabadilisha umbo, na drafti ikifika unamjua. Umemwona akirusha mpira tangu mabega yake hayajapanuka. Kwa nini mtu aliye na kazi za kufanya na kodi ya kulipa ajisumbue na haya yote? Ndilo swali ninalotaka kulijibu hapa, na si jibu fupi.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: hushiki gongo, hukimbii popote. Wewe ni meneja wa klabu ya besiboli, au ukitaka, ni mungu mdogo wa ligi nzima. Aliyeubuni ni Mjerumani, Markus Heinsohn, jambo lililonifariji sana nilipolijua, kwa sababu kama Mjerumani anaweza kupotelea kwenye besiboli kiasi hicho, basi hata mtu wa Kakamega anaruhusiwa. Sehemu kubwa ya mchezo ni majedwali. Safu za majina, safu za tarakimu, vitufe. Jirani yangu aliwahi kuchungulia akija kuomba kiberiti, akasimama mlangoni akiangalia skrini, akasema, "Jirani, kumbe wewe ni mhasibu?" Sikumsahihisha. Mhasibu anaheshimiwa kwa ploti kuliko mtu anayecheza gemu saa nne asubuhi.

Besiboli nilikutana nayo kazini. Chuo kikuu niliacha mwaka wa tatu. Sikuwa nimefeli kitu; karo ndiyo iliyokataa kuendelea na mimi. Nikaingia kwa kazi ambayo vijana wengi wa Kahawa Wendani na Juja wanaijua vizuri, ya kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo. Shilingi 350 kwa ukurasa, na mteja akiwa ameamka vibaya, hakuna kitu. Ndiyo, nilitoka chuoni nikaanza kuishi kwa kuandika kazi za chuo. Watu wakicheka nawaacha wacheke, mimi mwenyewe huwa nacheka mwisho wa mwezi.

Oda moja ilitaka kurasa nane kuhusu malipo ya wachezaji wa ligi ndogo za Marekani. Nilisoma usiku mzima. Nikajifunza kwamba chini ya zile klabu 30 tunazoziona kwenye kofia za mitumba, Yankees na Dodgers na wenzao, kuna ngazi nyingine nyingi, na kwamba kijana aliyebakisha hatua moja tu afike juu alikuwa akilipwa kima cha chini cha dola 17,500 kwa mwaka. Mkataba wao wa kwanza wa pamoja ulipopatikana mwaka 2023, kiwango hicho kikapanda hadi dola 35,800. Kabla ya hapo kulikuwa na hadithi za wachezaji wanaojazana kwenye nyumba moja, wanalala kwenye magodoro ya kupuliza, wanakula mkate na siagi ya karanga, huku klabu inayowamiliki ina thamani ya mabilioni. Nikaangalia bedsita yangu. Nikasema, hawa watu nawaelewa.

Baada ya ile kazi niliendelea kusoma bila kulipwa. Ndipo nikaupata mchezo, ukiwa umepunguzwa bei, nikaununua kwa pesa ambazo zilipaswa kuwa tokeni za stima.

Sasa tuje kwa drafti. Si ile ya vifuniko vya soda chini ya mti, ya wazee wanaokunyang'anya kingi ukipepesa macho. Hii ni siku ambayo klabu za ligi kuu zinachagua vijana wa Marekani, Kanada na Puerto Rico, mmoja baada ya mwingine, zile zilizofanya vibaya zikipewa nafasi ya mbele. Ilianza mwaka 1965. Hadi 2019 ilikuwa na raundi 40. Mwaka 2020, korona ikapiga, wakachagua raundi tano tu, na tangu 2021 imekuwa raundi 20. Zamani hata hizo 40 zingeonekana chache. Mwaka 1988 Dodgers walimchukua Mike Piazza kwenye raundi ya 62, mtu wa 1,390, na walimchukua kwa sababu baba yake alikuwa rafiki wa kocha wao, Tommy Lasorda. Piazza akawa mmoja wa wadakaji wapigaji bora kuwahi kuonekana, na mwaka 2016 akaingizwa kwenye jumba la mashujaa wa mchezo huo. Kwa sheria za leo jina lake lisingesomwa kabisa.

Ukitaka ligi zako za kulisha zifanye kazi lazima ukae chini na kalamu. Hapa ndipo wengi wanakata tamaa, na hapa ndipo mimi nilipopapenda. Klabu 30 mara raundi 20 ni wachezaji 600 kila mwaka. Timu ya kulisha ina wachezaji 25 hivi. Igawanye kwa madarasa manne, na kila mwaka wanaomaliza ni sita. Gawanya 600 kwa sita, unapata timu 100. Ukiunda 20 tu kwa sababu umechoka kutafuta majina ya shule, watakaomaliza ni 120, na mchezo hautakuacha na drafti tupu, utaziba pengo kwa kuwaumba wengine kutoka hewani. Umerudi pale pale kwa mayatima wa miaka 18. Ukiunda 300, laptopu ya mtumba kama yangu inaanza kupumua kama punda wa Limuru, na kila siku ya mchezo inachukua muda wa kuchemsha chai.

Nilianza na shule 60 za sekondari na vyuo 40. Za sekondari zinatoa 360, vyuo vinatoa 240, jumla 600 kamili. Niliipenda hiyo hesabu. Kila aliyemaliza ana nafasi yake kwenye drafti, hakuna anayebaki nje. Nikaweka shule kwa kufuata majimbo: Texas, California na Florida zikapata nyingi, kwa sababu kule jua lipo na watoto wanacheza karibu mwaka mzima, Iowa, Maine na Dakota zikapata chache. Nikaacha misimu mitatu ikimbie usiku mmoja huku nikiandika oda kwenye dirisha lingine.

Hesabu ikikaa sawa hivyo, mambo mawili yanatokea. La kwanza ni la kiufundi. Ikiwa kila mtoto wa sekondari anachukuliwa na ligi kuu, vyuoni anaenda nani? Kule kwa ukweli wengi wa wanaochaguliwa siku hizi wanatoka vyuoni, na kijana akiingia chuo cha miaka minne haruhusiwi kuchaguliwa tena mpaka amalize mwaka wa tatu au afikishe miaka 21. Maana yake chuo kinahitaji watoto waliorukwa. Kinaishi kwa hao. Bila wao mchezo unakijaza chuo na watu wapya wasiotoka popote, na ule uzi uliotaka kuufuata kuanzia darasani unakatika katikati.

La pili lilinikalisha macho zaidi. Katika dunia yangu hakuna aliyekataliwa siku ya drafti. Lakini 600 walikuwa wanaingia kila mwaka, na nyumba haikuwa imepanuka. Kikosi cha ligi kuu ni watu 26. Mara klabu 30, ni nafasi 780 kwa dunia nzima. Chini yao, tangu 2024, klabu haziruhusiwi kuweka zaidi ya wachezaji 165 kwenye ligi zao za ndani, yaani kama 4,950 kwa jumla. Wakiingia 600, lazima 600 watoke. Na walitoka. Walitoka wakiwa na miaka 19, miaka 20, baada ya mechi 30 kwenye ligi ya chini kabisa, wengine baada ya sita. Nilifungua orodha ya walioachiliwa mwezi wa tatu, kabla msimu haujaanza, nikaipitisha kwa kipanya mpaka kidole kikachoka. Mlango wa kukataliwa ulikuwa bado upo. Ulikuwa umesogezwa mbele tu kidogo, mahali ambapo hakuna anayetazama.

Sisi wa hapa hatuhitaji kuelezewa hilo mara mbili. Mwaka 2018 serikali ilisema kila mtoto aliyemaliza darasa la nane lazima aingie kidato cha kwanza, wote, asilimia mia kwa mia. Machifu wakatumwa mashambani kuwatafuta waliobaki nyumbani. Ni jambo zuri, sitalisema vibaya; kuna watoto kijijini kwetu ambao bila hiyo sera wangekuwa kwa boda boda wakiwa na miaka 14. Lakini faneli haikuondoka. Katika KCSE ya 2023 watahiniwa walikuwa karibu 900,000. Waliopata C+ kwenda juu, alama ya kuingia chuo kikuu, walizidi 200,000 kidogo tu. Toa. Wanabaki karibu laki saba, mwaka mmoja.

Mdogo wangu alikuwa mmoja wa hao laki saba. Alipata C, ile isiyo na jumlisha.

Mama alinipigia simu Januari hiyo, akaongea kuhusu mvua, kuhusu mahindi, kuhusu mazishi ya mzee mmoja jirani, kisha akasema, "Mwanangu, mchukue mdogo wako akae nawe kidogo. Hapa ananyamaza sana." Kisha akaongeza, "Na umwambie arudie Kidato cha Nne. Wewe atakusikiza."

Alikuja na basi la usiku kutoka Kakamega, na mkoba mmoja, na kuku aliyechinjwa tayari ambaye Mama alikuwa amemfunga kwa magazeti. Hatukuongea kuhusu matokeo. Nilimtandikia godoro chini, yeye akalala mchana, akaamka usiku. Mtu akiamka usiku kwenye bedsita moja na wewe, ataangalia unachofanya, hana pengine pa kuangalia. Siku ya tatu alikaa nyuma yangu na kikombe cha chai.

"Sista, hii ni nini?"

Nikamweleza. Klabu, drafti, shule, vyuo. Ananielewa haraka kuliko wateja wangu. Alicheza mpira wa miguu shuleni, winga wa kulia, na mtu aliyekulia Kakamega hahitaji kuambiwa maana ya shule kulisha timu. Kakamega High na Green Commandos wao ni darasa tosha. Akaniuliza maswali ya maana. Kwa nini Texas ina shule nyingi kuliko Iowa? Mtoto wa Iowa akiwa mkali, nani atamwona? Nikamwambia maskauti wana bajeti, na mchezo unaiga hilo: unavyotumia pesa kidogo kwa skauti wako, ndivyo nyota unazoziona zinavyokudanganya. Na hata skauti akiwa mzuri, mtoto wa miaka 15 ni ubashiri. Kuna mpangilio mmoja wa jinsi vipaji vinavyobadilika ghafla, unaokuja ukiwa umewekwa kwenye 100. Ukiushusha, nyota za utotoni zinatimia zaidi. Ukiupandisha, aliyekuwa wa kwanza anaweza kuanguka na wa mwisho akapanda.

"Weka juu," akasema.

Nikauweka 120.

Halafu akafika kwenye ukurasa ambao mimi huupita haraka. Baada ya kusoma hesabu zangu tena, nilikuwa nimepunguza nafasi ili watoto wa sekondari wasichukuliwe wote: raundi zikabaki 20, lakini shule zikaongezeka, na vyuo vikabaki 40. Kwa hivyo sasa kulikuwa na wanaorukwa, na kuna wale wanaomaliza chuo bila kuchaguliwa. Mchezo unawaandika kwenye orodha. Jina, nafasi, umri, neno moja: amestaafu.

Mdogo wangu akasoma orodha yote kimya. Akaweka kikombe chini.

"Amestaafu," akasema. "Na miaka 22."

"Eeh."

"Na pensheni je?"

Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini baada ya kucheka alibaki pale pale, anaangalia. "Sasa huyu," akasema, akigusa skrini kwa kidole chenye mafuta ya kuku, "anaenda wapi?"

"Hakuna pahali. Mchezo unamtoa."

"Hauendi naye nyumbani?"

Nilianza kumweleza mambo ya kumbukumbu ya kompyuta, kwamba programu haiwezi kubeba kila mtu milele, ni lazima isafishe. Ni kweli kabisa. Nilisikia sauti yangu ikieleza, nikaona haifai, nikanyamaza.

Usiku ule tulibadilisha dunia. Ukweli wa Marekani wenyewe una jambo ambalo nilikuwa nimeliacha nje kwa uvivu: ligi huru. Ni ligi za kulipwa zisizomilikiwa na klabu yoyote kubwa, Atlantic League, Frontier League na nyinginezo, ambako anacheza mtu aliyeachiliwa, aliyepitwa, aliyezeeka, aliyevunjika bega akapona. Pesa ni kidogo. Wachache wananunuliwa tena wakarudi juu. Wengi wanacheza tu, kwa sababu bado wanaweza. Mchezo unakuruhusu kuziunda. Tukaunda moja yenye timu nane, za miji midogo, basi refu kutoka mmoja hadi mwingine. Kitu kimoja tu kilibadilika: aliyeachiliwa sasa alikuwa na pahali pa kwenda Jumatatu.

Mdogo wangu akachagua mtu wake. Mrushaji wa mkono wa kushoto, miaka 15, kutoka shule ya Iowa, nyota nne kati ya tano. "Huyu ni wetu," akasema, na kuanzia hapo hakuruhusu nikimbize msimu akiwa amelala.

Tulimfuata. Sekondari alikuwa hagusiki, lakini takwimu za sekondari hazisemi mengi, mtoto mmoja mwenye kipaji anaweza kuwaangusha wapigaji ambao mwaka ujao watakuwa wameacha mchezo. Drafti ikamruka kwa sababu klabu zilidhani ataenda chuo, na akaenda. Mwaka wa pili chuoni akaumia bega. Nyota nne zikawa mbili na nusu. Alivyorudi, kasi ya mpira ilikuwa imepungua, na nyota ikaondoka nyingine. Drafti ya mwaka wa nne tulikaa macho saa saba za usiku tukiangalia majina yakishuka, raundi ya kumi, ya kumi na tano. Raundi ya 19 wakamwita. Mdogo wangu akaruka akagonga kichwa kwenye waya wa nguo.

Katikati ya yote hayo Mama alikuwa akipiga simu kila Jumapili. "Umemwambia?" Nikimwambia bado, anavuta pumzi. Anaamini kwa moyo wote kwamba kuna mlango mmoja, na ukifungwa unagonga tena mwaka ujao, na mwaka unaofuata. Simlaumu. Yeye mwenyewe hakupewa hata nafasi ya kugonga. Aliachia darasa la sita ili kaka zake wasome. Kwake cheti cha chuo kikuu si karatasi, ni kitu alichokiona kikipita mbele ya mlango kikienda kwa watu wengine. Mimi nilikuwa nimekikaribia mpaka mwaka wa tatu. Akiniambia "wewe umesoma", najua anamaanisha nini na najua anaficha nini.

Mdogo wangu alisikia simu hizo, bedsita haina siri. Jioni moja akaniuliza kama Mkenya anaweza kuchaguliwa kwenye hiyo drafti. Nikamwambia drafti si ya watu wa nje. Kijana wa Jamhuri ya Dominika anasaini na klabu moja kwa moja, anaweza kuanzia miaka 16. Nikamweleza kuhusu Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mtu wa kwanza kuzaliwa Afrika kucheza ligi kuu, Aprili 2017, akiwa na Pittsburgh Pirates, na mara yake ya kwanza kushika gongo akaupiga mpira akafika kituo. Nikamweleza kuhusu majirani zetu wa Uganda: timu ya watoto iliyoshinda nafasi ya kwenda mashindano ya dunia ya Little League mwaka 2011, wakanyimwa viza, na mwaka uliofuata timu nyingine kutoka Lugazi ikafika Pennsylvania, ya kwanza kutoka Afrika. Mwaka 2022 Dodgers wakasaini vijana wawili Waganda.

"Wale wa 2011," akasema, "walienda wapi?"

Ana mtindo huo sasa. Sikuwa na jibu.

Mrushaji wetu aliachiliwa akiwa na miaka 23, mwezi wa tatu, kwenye ile orodha ndefu. Mdogo wangu aliliona jina kabla yangu. Hakusema kitu kwa muda. Kisha: "Sasa?"

"Sasa tunangoja."

Tukaendesha siku moja moja. Siku ya kumi na mbili timu moja ya ligi huru ikamsaini, mshahara wa kuchekesha. Hakuna aliyeruka safari hii. Mdogo wangu alitikisa kichwa taratibu, kama mzee aliyepokea habari za ng'ombe kupatikana, akaenda kulala mapema kwa mara ya kwanza tangu aje.

Asubuhi aliniambia harudii Kidato cha Nne. Anataka kusomea umeme kwenye taasisi ya ufundi, ameshaangalia, C yake inatosha na inabaki. Aliniomba nimwambie Mama. Nikamwambia amwambie mwenyewe, mimi nitakaa hapo kando. Alipiga simu akiwa amesimama. Mama alinyamaza kwa muda mrefu hivi kwamba tuliangalia simu kama salio limeisha. Kisha akasema, "Umeme unaua watu." Kisha, "Karo ni ngapi?"

Ilikuwa nusu ya ile iliyonishinda mimi. Niliandika kurasa nyingi mwezi huo.

Kwa yeyote anayetaka kujaribu, mpangilio nilionao sasa ni huu: shule 72 za sekondari, vyuo 40, ligi huru yenye timu nane, ubadilikaji wa vipaji kwenye 120. Sekondari zinatoa 432 kila mwaka, vyuo vina nafasi 240 za mwaka wa kwanza. Laptopu inalalamika lakini haifi. Usianze na zaidi ya hapo mpaka uone misimu mitano ikipita. Wape watoto wa majimbo ya baridi angalau shule mbili kila jimbo, la sivyo hakuna skauti wako atakayewahi kutuma ripoti kutoka huko. Na usiiache ligi huru kwa kudhani haileti faida. Kwa hesabu ya ligi kuu hailipi, ni kweli. Karibu hakuna anayerudi juu. Lakini bila hiyo, kila unachokijenga chini ni mashine ya kumtafuta mmoja na kuwatupa wengine tisa, na baada ya muda utaacha kusoma majina yao. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuacha.

Mdogo wangu yuko mwaka wa pili sasa. Hunitumia picha za bodi za umeme alizofunga, waya zimelala kwa mstari kama nywele zilizosukwa, na mimi hujifanya naelewa. Mama bado huwaambia watu kanisani kwamba "anasomea uhandisi", na hakuna anayemrekebisha. Oda zangu zimepungua tangu hizi akili bandia zije, kwa hivyo siku hizi ninaandika vitu vyenye jina langu juu yake, ambavyo vinalipa polepole zaidi.

Mwezi uliopita mrushaji wetu alifikisha miaka 34. Msimu ulipoisha mchezo ukaandika ule mstari wake mmoja. Misimu 11 kwenye ligi huru, timu nne, ushindi 71, kushindwa 80. Hakuwahi kuitwa tena juu, hata kwa siku moja. Nilipiga picha ukurasa wake wote, tangu ile shule ya Iowa, nikamtumia mdogo wangu. Alikuwa kazini kwenye jengo fulani, akajibu baada ya saa mbili.

"Huyo amestaafu kweli," akaandika. "Kuna wa miaka 15 wowote wazuri?"